Kibao cha Venansi

Ilyasi wa Musinzira, mjini Gitega, Burundi, alikuwa fundi wa kuandika vibao, tena fundi mwenye majivuno. Herufi yake ilikuwa moja tu: nene, mgongo wima, na kila ncha ya mstari ikiwa na kijiguu cha kukanyagia, kama mtu aliyevaa viatu vizito. Pembeni aliitilia kivuli chekundu. Wenye maduka ya dawa, mabucha na mabaa walimgombania, maana hata mtu aliye mbioni ng'ambo ya barabara aliisoma. Haki yake tumpe, kazi aliijua.

Siku moja akaja Manase kutoka Mwakiro, kule Muyinga, kuagiza msalaba wa kaburi la baba yake, Venansi. Kijana alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. "Naomba herufi nyembamba, fundi. Za upole."

Ilyasi akacheka. "Non, kijana yangu! Herufi nyembamba iko ya wagonjwa. Mi ntamuandikia baba yako yenye kusimama."

Katika ukoo wa Ilyasi makaburi hayakuandikwa majina, na yeye hakuwahi kuandika hata moja. Angeweza kuuliza. Jina halikuenea kwenye mkono wa msalaba kwa unene wa herufi zake, basi akapigilia juu yake ubao mpana, ukaufunika msalaba wote.

Siku ya kuganduka, yaani ya kumaliza matanga, aliupeleka mwenyewe, akausimika kaburini. Kaburi lilikuwa shambani, kando ya njia. Wageni walikaa kuzunguka mitungi ya pombe ya ndizi, kama desturi ilivyo, na Ilyasi akajiweka mbele na soda yake akingoja sifa. Hizo ndizo zilizomtoa Gitega.

Mwenye baiskeli mmoja akasimama njiani, akasoma VENANSI, akatazama mitungi, akafurahi. "Baa mpya? Bia baridi iko?"

Hakuna aliyecheka. Efrazia, mjane, alijifunika uso kwa kitenge. Ilyasi ndiye aliyekuwa karibu na njia, ikabidi ajibu yeye. "Hapana, ndugu. Iko kaburi." Yule mtu akavua kofia, akaomba radhi mara mbili, na aibu ikampanda Ilyasi mpaka masikioni.

Akamwendea mjane. "Mama, munisamehe. Ntaitoa, ntaandika ingine."

"Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, wakigawa chakula, Venansi alikuwa akisimama nyuma ya watu wote," alisema Efrazia taratibu. "Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ungeuliza, baba, ningekuambia."

Ilyasi aling'oa misumari mbele ya kila mtu, akaukumbatia ubao maandishi yakielekea kifuani, akapita katikati ya wageni. Nao, kwa adabu yao, walimpisha mmoja mmoja wakimwambia pole, kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa.