Doa Kwenye Birika la Ubatizo

Jumamosi, saa tisa na nusu mchana, ndipo ilipoanza aibu yangu, na ninaiandika humu daftarini kwa sababu kuisema kwa mdomo nimeshaisema mara moja, mbele ya kanisa zima, na inatosha.

Tangu vita vya ng'ambo ya mto vianze, askari hawaturuhusu kushuka mtoni kubatiza, kwa hiyo pasta alimwomba Papa, baba yangu, atengeneze birika la chuma, refu kiasi cha mtu mzima kulala ndani. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu turudi kutoka Bukavu, upande wa Zaire, na watu walikuwa bado wanamwita "yule fundi wa Zaire" kwa sauti ya kungoja kuona. Papa akishachomelea hupima kwa sikio: anagonga kiungo kwa nyundo, anainamisha kichwa, anasema, "Inaimba. Moto umeingia mpaka ndani."

Mimi nikawa najiuliza, umeingia kweli? Mwalimu wa fizikia alituambia kwamba ukipaka chaki upande mmoja wa kiungo na mafuta ya taa upande wa pili, mafuta yatapenya hata kitundu kisichoonekana, na chaki itaonyesha doa. (Darasani sikuuliza kitu, mimi nikiitwa jina tu masikio yananiwaka.) Basi Papa alipokwenda kuoga nikaponda chaki kwa maji nikapaka nje, nikapaka mafuta ndani, nikachuchumaa kama mtu anayengoja yai lianguliwe. Muda mrefu, hakuna kitu. Halafu kwenye kona ya chini likatokea doa dogo kama kiroboto, likakua mbele ya macho yangu, na nakiri nilifurahi, nilisahau kabisa kwamba kiungo kile ni cha baba yangu.

Nikalizungushia duara la mkaa. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia Papa, vijana wa kwaya wakafika, wakalibeba birika, nami nikanyamaza.

Jumapili maji yakajazwa, yakapata rangi za upinde wa mvua juu yake. Wa kwanza kuzamishwa alikuwa Maman Régine, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, naye akaibuka akitema mate.

"Pasta, miye nauzisha samaki, harufu naijua. Hii maji iko na petroli." (Ndivyo tunavyoyaita mafuta ya taa.)

Nusu ya watu wakasogea mlangoni, maana katika nchi hii, baada ya watu kuchomwa moto ndani ya makanisa, harufu ya mafuta kanisani si kitu cha kucheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Nilijua. Amekata pipa za petroli za zamani, anatuambia ni chuma mupya. Batu ya Zaire ni vile."

Papa alitazama mikono yake. Nikasimama.

"Ni miye," nikasema. "Ni miye niliweka petroli. Nilitaka kujua kama moto uliingia."

Maman Régine akanigeukia, maji bado yanamdondoka: "We mutoto, sasa uliingia?"

"Kona moja haukuingia, Maman."

Kanisa zima likaangua kicheko, hata pasta. Papa akainama, akaliona duara langu, na katikati yake tone la maji. Tukarudi nyumbani, birika likifuata nyuma yetu mabegani mwa kwaya.

Leo asubuhi, kabla ya shule, nimefua kanzu ya ubatizo ya Maman Régine mara nne (bado inanuka), nikaapa sitapima tena kazi ya mtu bila yeye mwenyewe kujua. Nilipokuwa naianika Papa akaniita. Alikuwa ameikata ile kona: moto ulilamba juu tu, chini vyuma viwili vimesimama kama majirani wasiosalimiana. Alikuwa ameshaichomelea upya. Akagonga, akasikiliza.

"Inaimba," akasema, kisha akaiweka nyundo chini. "Lakini lete chaki yako."

Tukapaka chaki nje na mafuta ndani, tukachuchumaa wawili, tukangoja. Chaki ikabaki nyeupe. Kengele ya shule ilishalia, lakini sikuondoka: nilichukua sabuni, nikaingia ndani ya birika, nikalisugua mpaka mikono ikauma.