Anayeonja Kabla ya Kukuna

Fundi baiskeli wa Kibarani amepindua baiskeli kuukuu, na katikati ya gurudumu la nyuma amefunga chuma chenye meno kama ya mbuzi wa kukunia nazi. Mkono mmoja huzungusha pedali, wa pili hushika kizio cha nazi. Nimeona nazi zikikunwa katika bandari nyingi, lakini hapa tu ndipo nilipoona wapika vitumbua wakizichanganya zote katika beseni moja, kisha wakagawana. Nazi moja iliyooza huwaharibia wote, kwa hiyo fundi haanzi kabla ya kuonja maji ya kila moja. Huyazungusha mdomoni akitazama barabara, hutema, ndipo hushika pedali. "Utalewa, we!" Nyevu, mpika vitumbua, humtania.

Jumamosi moja fundi alikuja na mafua. Nyevu alikuwa na vitumbua vya harusi, na Kazungu, mleta nazi, alikwisha kutua pakacha. Fundi alionja, akaonja tena, akaiacha pedali.

"Sisikii ladha."

"Zikune tu, ndugu yangu. Nazi zangu nzima zote."

"Harusi ya watu hiyo, Kazungu!" Nyevu akasema. "Nikiaibika, hapa huuzi tena."

Fundi alimpa Kazungu kizio chenye maji. "Basi onja wewe."

Kazungu alikunywa kwa madaha. Ya pili, kwa madaha zaidi. Ya tatu ilimkunja uso, akatema hadi kwenye ndara zake. Nyevu aliangua kicheko. Fundi alipangusa pua, akamsogezea Kazungu kigoda chake mwenyewe, akaivunja ya nne.