Makopo Manne ya Mzinga wa Bibi

Wiki iliyopita nilipanda kijijini kwetu Vudee kumsaidia kaka yangu kutayarisha mahali pa mizinga mipya ya nyuki. Tulipokuwa tunafyeka na kuchimba, jembe likagonga kopo lenye kutu, limekaa juu ya jiwe bapa. Kaka akaendelea na kazi. Mimi nikakaa chini, maana lile kopo nalijua.

Pale palikuwa pa mzinga wa Bibi, aliyetulea. Mwanzoni, nyuma ya migomba, alichimba vishimo vinne, akashindilia mawe bapa, juu ya kila jiwe akaweka kopo, na ndani ya makopo ikasimama miguu ya kichanja cha mzinga. Makopo yalijazwa oili chafu ili siafu wasipande. Kwa kuwa macho yake yalishaanza kuona ukungu, kujaza oili ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilivyoringa nayo!

Jumamosi moja alinituma oili kwa jirani mwenye lori. Njiani nikirudi nikakuta wenzangu wanacheza rede, nikaweka galoni chini nikajiunga. Mtu akalipiga teke, oili yote ikamwagika. Kwa woga nikajaza makopo maji.

"Tayari, Bibi," nikamwambia. Akanisifu, akanipakulia makande ya moto, nami nikala nikamaliza.

Jua likakausha yale maji. Siafu wakapanda, nyuki wakahama, na ule mvumo tuliouzoea nyuma ya migomba ukanyamaza.

Bibi hakunishuku hata kidogo. "Nimewajengea vibaya, mjukuu wangu," alisema. "Upepo unawapiga."

Akang'oa mawe, akayasogeza karibu na kahawa. Msimu uliofuata akayapanga upya ili mzinga utazame jua. Kila mara alipaka mzinga nta upya kuwavuta nyuki, akasubiri. Miaka ile yote nilimshikia kamba ya kupimia, nikafunga mdomo. Mara ya mwisho alishindilia hapo tulipolikuta kopo, akiwa ameketi chini, magoti yamekataa. Nyuki hawakurudi, na Bibi akafa akiamini kosa ni lake. Naona aibu kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nikiwa bado nimekaa pale, kaka akaweka pimamaji juu ya yale mawe. "Bibi alijua kazi," akasema. "Yako sawasawa kabisa."

Nililia mbele yake bila kujificha. Kisha nikamwomba asiyang'oe, tukaweka mzinga mpya palepale, kwenye makopo mapya. Nikajaza oili mwenyewe, makopo yote manne, mpaka ukingoni. Nilipomaliza nikajikuta nimegeukia nyumbani, nimeshafungua mdomo niseme, "Tayari, Bibi." Mlango wa jikoni mwa Bibi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.