Mwisho Niliomtungia Baba

Chuoni nilisomea fasihi ya Kiingereza, na nakiri mapema: vitabu vingi nilivisoma kwa kopi za steshenari, zile zinazofifia kila unapofunua. Riwaya moja ilihusu ndugu wawili waliogombea shamba la marehemu baba yao. Kopi yangu ilikatikia pale mdogo mtu anapofika kwa kaka yake na kubisha hodi. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Mtihani nilifaulu, msiniulize kwa vipi.

Siku zile, nikirudi nyumbani Keko, nilikuwa namsimulia baba vitabu vyangu kwa Kiswahili huku yeye anapiga msasa miguu ya makochi. Hicho cha ndugu wawili kilimnasa. Yeye na kaka yake, baba yangu mkubwa aliyeishi kusini, walikuwa hawasemeshani tangu mie niko tumboni.

"Ehe, akafunguliwa?" akauliza.

Nami kwa kiherehere changu nikajibu kafunguliwa, wakalia, wakala sahani moja. Wiki ileile baba akafunga karakana, akapanda basi la kusini. Aliporudi nilimpokea kwa vigelegele. Akasema tu, "Tumeonana," akashika randa yake. Mwaka uliofuata baba mkubwa akafariki. Miaka yote hiyo nimejiona mie ndiye niliyewapatanisha, tena kwa kitabu!

Majuzi, napekua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini, nikaikuta riwaya ile, nzima. Nikarudi nayo kwangu Chanika, na maharage yakaungua jikoni nikiwa nimeinamia kurasa. Nilitaka kujua tu, hivi yaliishaje? Kumbe mlango haukufunguliwa. Kaka mtu yumo ndani, anamsikia mwenzie, kanyamaza kimya.

Jamani, nilikosa raha. Nilimsafirisha baba yangu kwa uongo! Sasa nimwambie, nimharibie kumbukumbu ya kaka yake uzeeni? Au ninyamaze? Siku tatu nilikuwa nalibeba peke yangu, hata usingizi hauji vizuri.

Jumapili nikaenda Keko. Baba siku hizi harandi tena, anakaa kibarazani kuwakosoa mafundi wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Leo umeniletea kitabu badala ya sukari?"

Nikamweleza yote bila kumtazama usoni: ule mwisho niliutunga mwenyewe, kitabuni yule bwana hakufunguliwa. Baba akawaacha mafundi wake, akanigeukia. Nikajua tayari, nimeharibu.

"Hata mie hakunifungulia," akasema.

Nikamtumbulia macho.

"Nilimsikia anakohoa ndani. Nikakaa pale nje mpaka adhuhuri, nikarudi zangu stendi. Nafika hapa, we unapiga vigelegele. Ningekwambiaje?"

Nililia, sioni haya kusema. Baba akaniacha nimalize, kisha akasogeza kigoda karibu yake na kukigonga kwa kiganja ili nikae.

"Haya, nisomee. Huyo wa kitabuni, alipoondoka pale mlangoni, alikwenda wapi?"