Mvuvi Aliyetoka Kanisani kwa Miguu Yake

Mume wangu alitoka kanisani bila fimbo, mafuta bado yanang'aa kwenye paji la uso, waasi wawili wamemshika mikono. Walimpeleka nyuma, penye mihogo ya mchungaji. Tulisikia risasi moja. Kwaya ilikuwa haijakaa chini.

Mwezi mzima mguu wake wa kuume ulikuwa umevimba, kutoka goti mpaka vidole. Mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, akawa mtu wa kulala. Muganga wa dispanseri alikuwa amekimbilia Bujumbura, maana waasi walipoingia Uvira kila mtu wa kalamu aliwindwa. Uhuru wenyewe ulikuwa bado mchanga. Tulibaki na kanisa.

Kwetu mgonjwa hawekewi mikono hivi hivi. Kwanza anaungama mbele ya wazee katika chumba cha maombi. Jumapili ndipo analazwa kwenye mkeka mbele ya watu wote, anapakwa mafuta. Wazee walikuwa watatu. Ninayemsema hapa ni yule wa kushika chupa ya mafuta.

Mume wangu hakutaka kuungama.

"Mungu alikuwa mu mtumbwi pamoja na miye," aliniambia. "Aliona yote. Nimuambie nini tena?"

"Sema tu, baba, upone. Ao watoto watakula huo mguu?"

Akauangalia. "Umenona. Unaweza kuwatosha wiki mbili."

Tulicheka wote wawili. Alhamisi nikamkokota mpaka chumba cha maombi, nikakaa kando yake.

"Ugonjwa hautoke kama iko kitu umeficha," mzee wa chupa akamwambia.

Basi akasema. Kabla mguu haujavimba alikuwa amemvusha karani mmoja wa serikali, amemlaza chini ya nyavu, akamshusha ng'ambo, Burundi. Aliwadanganya waasi wa pwani kwamba amebeba nyavu tu. Uongo huo ndio uliomlemea. Karani alimwachia viatu vyake kwa shukrani, na viatu viko chini ya kitanda.

"Viatu rangi gani?" mzee akauliza.

"Vyekundu, mzee. Vya ngozi."

Wazee wawili walikuwa wamefumba macho. Huyu alikuwa amefumbua. Niliona, nikadhani ndivyo maombi yanavyokwenda. Niliishia darasa la pili. Lakini leo najua Mungu haulizi rangi ya viatu.

Jumapili walimpaka mafuta, wakaomba mpaka jasho likawatiririka. Mume wangu akaweka mguu chini. Akasimama. Sijui ilikuwaje, sitasema uongo: alisimama. Wamama wakapiga vigelegele. Akatembea hatua nne kuja kwangu, anatabasamu kama mtu aliyeiba kitu, na mimi nikanyoosha mikono.

Waasi walikuwa wameshaingia mlangoni.

"Weye ndiye mwenye viatu vyekundu vya karani?" mkubwa wao akauliza.

Maneno hayo yalikuwa yamesemwa mahali pamoja tu. Nilimtazama mzee. Alikuwa anafunika chupa.

Wazee wale wawili waliuawa na waasi kabla msimu wa mvua haujaanza. Huyu wa chupa hawakumgusa. Sasa nina mvi, na chupa bado iko mkononi mwake. Kila mara anaposhuhudia, anasema: "Tulimwombea mvuvi mmoja, hakuwa anatembea, akatoka kanisani kwa miguu yake." Watu wanaitika amina. Watoto wangu nao wanaitika, hawajui ni baba yao.

Mimi nimekwisha kuungama, hapa: ni mimi niliyemwambia aseme, apone. Nimelala na neno hilo miaka yote hii.

Sasa ni zamu yako, mzee. Jumapili hii usiiguse chupa. Kaa kwenye mkeka ule ule, mbele ya watu wote, utuambie baada ya Alhamisi ile ulikwenda kwa nani. Halafu umalize ushuhuda wako. Alitoka kwa miguu yake, akaenda wapi?