Ndege Aliyedhaniwa Serveya

Mimi ni mtu wa nyumbani. Dada yangu husema nikifa itabidi wanizike na kiti, kwa sababu hakuna atakayeweza kututenganisha. Nafuma sweta za shule kwa mashine katika chumba changu cha kukodi hapa Gitothua, Ruiru, na ninayemtembelea ni yeye tu, kule Murera, kwa kuwa dirisha la jikoni kwake linatazama kwari ya zamani iliyojaa maji. Kila mwaka, baridi ya Agosti ikishaisha, ndege wageni hushuka ukingoni pale. Mimi huwatazama nimeketi, chai mkononi, viatu nimevua. Ndio utalii ninaouweza.

Mwaka jana alikuja mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Mkubwa, kifua cheupe, na mstari mweusi kutoka jichoni hadi shingoni kama mtu aliyejipaka wanja akiwa na haraka. Nilimtafuta kwenye simu. Kumbe hutoka Ulaya, chakula chake ni samaki, na huku kwetu ukimwona ni kwenye maziwa makubwa, si kwenye shimo la mawe. Mgongoni alikuwa na kidude cheusi chenye waya mfupi. Nikasoma kwamba watafiti huwafungia ili wajue wanakopita. Nilipomweleza dada, aliniuliza kama huyo ndege ameoa, maana ndiye wa kwanza kunifanya nisimame.

Sasa, kando ya kwari shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amechimba kidimbwi cha samaki. Akatandaza wavu juu yake kuzuia ndege, lakini kwa haraka zake aliuacha ukilegea katikati. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa mle jikoni nikishonea sweta mikono tuliposikia kishindo majini. Nikainua kichwa. Bawa moja lilikuwa limesimama juu ya maji. La pili halikuonekana.

Shemeji alifika kwanza, na kabla ya kufanya lolote akapiga picha, akaituma kwenye grupu ya wenye ploti, akaandika kwamba amenasa ndege mwenye kamera. Alitaka sifa tu, namjua. Lakini siku hizo watu wa Murera walikuwa wakiamka na kukuta bikoni zao, yale mawe ya mipaka, zimesogezwa, na hakuna aliyejua ni nani anayezisogeza. Mtu aliyesogezewa mpaka ukimwambia kuna kitu chenye waya kinaruka juu ya ploti yake, usitegemee akuulize ni ndege wa aina gani.

Walikuja mbio, wengine na gamboti za shambani miguuni. Mbele yao alikuwa mzee jirani ambaye sote humwita Guka, yaani babu, panga mkononi, kwa sababu alikuwa akikatia ng'ombe majani. Akasimama pale pa kuingilia majini na kusema huyo ni serveya, ametumwa kupima kutoka juu, na hakuna atakayemgusa. Mama mmoja akauliza kama anapima hata usiku. Hakuna aliyecheka.

Ndege kila alipopiga bawa, wavu ulimvuta chini zaidi. Kichwa tu ndicho kilichobaki nje, mdomo wazi, na lile jicho la njano likituangalia mmoja mmoja. Nikajikuta mbele ya panga, mimi ambaye hata kuku huchinjiwa na dada.

"Guka, anakufa maji."

"Afe. Aliyemtuma atakuja kumtafuta, tumjue."

Kichwa kikazama, kikarudi. Sijui maneno yaliyofuata yalitoka wapi. Nilimwambia kwamba hicho kidude kinasema mahali ndege alipo. Akifia hapa, kitaendelea kusema yuko hapa. Watakuja watu na magari, watasimama kwenye ploti hii na ile, wataanza kuuliza ni ya nani na cheti kiko wapi.

"Akienda zake," nikasema, "watamfuata huko."

Guka alinitazama, akatazama fensi yake, iliyo hatua chache tu kutoka pale. Akasogea.

Niliingia na nguo zangu. Maji yalinifika kifuani, na kuogelea sijui, kwa hiyo dada alinishika sketi kwa nyuma kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Nilimtupia ndege kichwani ile sweta niliyotoka nayo jikoni, akatulia ghafla, ila kucha zilikuwa zimekwisha kupenya kiganja changu. Nilikata nyuzi kwa kimkasi changu cha kushonea, moja moja, nikiogopa kukata bawa badala ya wavu. Tulipomtoa alikuwa mzito wa maji, hajiwezi. Alirukaruka hadi kwenye fensi, akapanda nguzo, akatandaza mabawa kama nguo zilizoanikwa.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya Guka.

Hapo mambo yakageuka. Mzee alianza kuzunguka nguzo, akifukuza mbwa, akifukuza watoto, akituambia tupunguze sauti. Jua likapanda, ndege akalegeza shingo, macho yakafumbika. Guka akanijia, na safari hii panga alikuwa ameliacha nyasini. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "asifie hapa kwangu." Kiganja kilikuwa kikitoka damu, nami nilimwona ndege akiyumba, akijishika, akiyumba tena. Tulisimama wawili pale, bega kwa bega, tukiangalia kama kifua chake kinapanda.

Alasiri alijikung'uta. Akainama, akaruka chini kwa chini, miguu ikiburuta kwenye nyasi, nikafumba macho. Niliyafumbua dada aliposema, "Ameinuka." Alizunguka juu ya kwari mara moja, akashika njia ya kusini, juu ya mapaa ya mabati, hadi akawa doa.

Guka alikinga jicho kwa mkono mpaka alipohakikisha.

"Ameelekea kwenu Ruiru," akaniambia, uso ukimng'aa.

Nikamwambia mimi ni mpangaji tu.