Maji ya Pikapu Yangu Yalikokuwa Yakienda

Pikapu niliyoinunua mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia Newala ilikuwa inakunywa maji kuliko mimi. Na Newala maji si kitu cha kuchezea. Mimi nimetoka Singida, ukame naujua, lakini huku juu tunakinga ya mvua kwenye kisima cha saruji, na kiangazi kikikaza nashuka Masasi na madumu. Madumu hayo niliyapanga mbele, miguuni pa abiria, maana nyuma yalibingirika.

Siku moja, wakati napanda mlima kurudi, gari lilichemka na injini ikazima. Lori la korosho likanivuta hadi gereji moja Masasi.

Fundi alikuwa Mmakua wa Lupaso, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, asiyependa kubahatisha. Alipofungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, aliniita. "Njoo uone, mwalimu." Gasketi ilikuwa imeungua, hedi imepinda, ringi za pistoni zimelika. Injini yote ishushwe, akasema.

Ilikuwa likizo, nikaomba ruhusa ya kukaa pale. Miaka yote hiyo nilikuwa nachora injini ubaoni kwa chaki, lakini pistoni sikuwahi kuishika mkononi. Nilishangaa ilivyo nyepesi. Nilisafisha boliti kwa dizeli, nikauliza maswali hadi fundi akaanza kujibu kabla sijauliza. Hedi ikapelekwa kuchongwa, ringi mpya zikavishwa, na baada ya wiki mbili injini ikawaka ikinguruma taratibu. "Sasa uachane na maji matupu," fundi alisema, akamimina kwenye rejeta maji maalumu ya kijani, yale ya dukani.

Nilifika Newala nikiwa na furaha kubwa. Asubuhi nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yamepungua.

Nikarudi. Nikaona limemuuma fundi. Akabadilisha pampu ya maji. Yakapungua. Akabadilisha mipira yote. Yakapungua. Oili ilikuwa safi, moshi haukuwa mweupe, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Mwishowe akatoboa kifuniko kikuukuu cha rejeta, akapachika valvu ya baiskeli na saa ya kupimia upepo, tukajaza upepo kwa pampu ya mkono. Tukatazama. Mshale ulishuka polepole, nasi tukazunguka injini na tochi, tukipapasa kila kiungo. Pakavu kote.

"Upepo unatoka," fundi alisema, "lakini unatokea wapi?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Darasani nawaambia wanafunzi kwamba kitu hakipotei, kinahama tu. Sasa nikawa naona haya kusema hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilishuka tena Masasi, na jirani yangu, mama mmoja wa Kimakonde mwenye shamba la mikorosho kule Makote, akaomba lifti kama kawaida yake, kwenda kumwona binti yake. Alivaa khanga nyeupe yenye maua mekundu. Tulipofika stendi hakushuka. Alikuwa ameinua pindo la khanga yake, analikodolea macho.

"Mwalimu, siku hizi maji ya Masasi yana rangi?"

"Rangi gani, mama?"

"Tazama. Nilidhani ni madumu yako, kama siku zote. Lakini leo madumu hayana kitu, na haya ni ya moto tena ya kijani."

Nilishika zulia chini ya miguu yake. Lilikuwa limelowa chepechepe.

"Kumbe siku zote unalowa? Mbona hukuniambia?"

"Mtu amekupa lifti, utamlalamikia maji?"

Nilimpa pole, nikaahidi kumnunulia khanga nyingine, nikaenda gereji moja kwa moja. Fundi alifungua dashibodi upande wa abiria, akatoa kijirejeta kidogo kama tofali. Ni cha hita, kinapokea maji ya moto ya injini ili kupasha joto ndani ya gari. Kona yake moja ilikuwa na tundu la kuingia sindano.

"Hita!" Alicheka hadi akakaa chini. "Tangu nianze kazi hii hajaja mtu kuniambia hita yake mbovu. Nani anatafuta joto Masasi?"

Alitaka kuunganisha mipira miwili na kukiruka kabisa. Nikamwambia Newala mwezi wa sita kuna ukungu na baridi, akizibe tu. Akakichomelea kwa risasi, akakirudisha, tukapima upepo: mshale ukatulia.

Kisha akaniomba niwashe hita. Jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati, nasi tukafunga vioo vyote. Fundi akaweka viganja mbele ya matundu, jasho likimtiririka shingoni.

"Subiri kwanza, usizime," akasema. "Inakuja."